UZI: Beetle 1300 ya 1972 imeoza sakafu na vizingiti, je kazi hii inafanyika nyumbani?

#1 Pwani_Beetle (Tanga)

Wakuu, salaam. Gari ni VW Beetle 1300 ya 1972, eksili ya mbele ile ya kawaida, si ile Beetle ya 1302 yenye mbele tofauti. Inalala uani, bahari iko jirani. Hali yake ni hivi: sakafu ya kulia nyuma, pale inapokaa betri, mkono unapita mpaka chini. Kizingiti cha kulia kimevimba, cha kushoto ukikigonga kinamwaga unga wa kutu. Nguzo ya mbele ya mlango wa kulia ina matundu kwa chini. Mlango huohuo kuufunga lazima uunyanyue kidogo ndipo ushike. Injini na gia nzima.

Fundi wa mtaani amependekeza fibaglasi sakafuni, puti kwenye vizingiti, lami chini, siku ya nne rangi. Nina grenda ya inchi 4½, drili, jeki mbili na mashine ya kuchomelea ya vijiti. Naomba mwongozo: fibaglasi inafaa? Na kama haifai, pa kuanzia ni wapi?

#2 Geji18 (Dar)

Mkuu, fibaglasi weka kwenye tenki la maji la kuku. Kwenye Beetle hapana, na sababu iko kwenye jinsi gari lenyewe lilivyoundwa.

Beetle ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Chini kuna chesi: ule mgongo mnene wa katikati unaopita chini ya mkono wa gia, na mabawa mawili ya sakafu kulia na kushoto. Juu kuna bodi. Vinakutana pembeni kwa safu ya bolti za M8 (spana 13) zinazopanda kutoka chini, zinapita ukingo wa sakafu, zinaingia kwenye nati zilizochomewa ndani ya kizingiti. Hicho kizingiti ni bomba la bati lenye kazi mbili: kupeleka hewa ya moto kutoka injini mpaka kioo cha mbele, na kuzuia bodi isijikunje katikati. Kikioza, bolti zinabaki zinashika unga. Fibaglasi haishiki bolti, na kwenye chuma chenye kutu inabanduka ukingoni. Maji yanaingia kwenye huo mwanya, yanakaa, chuma kinaliwa kwa chini wewe unaona juu kunang'aa.

Kuhusu mlango: kabla hujalaumu kizingiti, ufungue nusu, ushike kwa mwisho, uunyanyue. Mlango ukicheza kwenye bawaba, pini za bawaba zimelika, na hiyo ni kazi ndogo. Bawaba zikiwa ngumu na mlango bado umeshuka, basi bodi imelala.

#3 Nyundo_na_Tindo (Mombasa)

Kabla ya kununua hata jiwe moja la kukatia, mpime mgonjwa vizuri. Toa viti, mazulia, na ile karatasi ngumu ya lami iliyobandikwa sakafuni. Hiyo karatasi kiwanda kiliiweka kupunguza kelele, lakini ikishapasuka inakaa na maji kama kitambaa kibichi. Inatoka kwa patasi pana, ukiipasha moto kidogo inalainika.

Chukua bisibisi la zamani lenye ncha butu na nyundo ndogo. Bati zima linalia, lililooza linajibu "pwa". Pa kugonga bila kukosa: ukingo mzima wa sakafu, chini ya betri, vizingiti kwa chini na kwa ndani, mguu wa nguzo ya mbele ya mlango, pembe za chini za kioo cha nyuma, kisima cha spea tairi kule mbele, panaposhikia bampa, na lile bomba la mraba la kuingizia jeki ya gari. Hilo la jeki ndilo kipimo cha haraka kuliko vyote: ukinyanyua na jeki ikazama juu badala ya gari kupanda, sakafu imekwisha.

Halafu lala chini kabisa, utazame kichwa cha chesi, pale eksili ya mbele inapofungwa kwa bolti nne. Bati la chini la hapo likitoboka kwa bisibisi, simama. Pale panashika usukani na magurudumu, panataka jigi (fremu ya kushikilia chesi isipinde) na mchomeleaji anayejua anachokifanya. Si kazi ya uani kwa mtu anayejifunza.

#4 Pwani_Beetle

Nimekagua. Bawaba ngumu, hazichezi, kwa hiyo bodi imelala. Kichwa cha chesi kizima, kina kutu ya juujuu tu. Kisima cha spea kina matundu matatu ya ukubwa wa shilingi. Sakafu zote mbili ukingo umeliwa, ya kushoto kwa kiasi cha vidole vinne kutoka pembeni. Mgongo wa kati mzima. Je, niinue bodi itoke kabisa au nichomee ikiwa palepale?

#5 Geji18

Sakafu zote mbili na vizingiti vyote viwili? Inua. Si lazima uitoe kabisa, sentimita 30 zinatosha ukiwa na magogo imara. Lakini kuinua ni hatua ya tatu. Mpangilio ni huu, na ukiuruka utapata gari ambalo milango haifungi tena:

1. Sawazisha. Bodi ikiwa bado imefungwa, weka jeki na ubao chini ya kizingiti karibu na nguzo ya mbele, panda taratibu, robo mzunguko, ukitazama uwazi kati ya mlango na bodi. Uwazi ukilingana juu hadi chini, acha.

2. Funga mifupa. Nunua bomba la mraba la inchi 1. Kila upande wa mlango weka vipande viwili: kimoja cha kulala kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kingine cha mshazari. Kisha kimoja cha kuvuka gari, kutoka nguzo ya kitasa ya kulia hadi ya kushoto. Vichomee kwa ndani ya uwazi ili mlango uendelee kufungika. Watu wengi wanaviweka katikati ya uwazi, halafu wanakosa namna ya kujaribisha mlango mpaka kazi iishe. Pima mshazari wa kila uwazi, pande zote mbili, andika kwa maka peni kwenye rangi yenyewe. Karatasi zinapotea.

3. Legeza na inua. Bolti za pembeni, mbili za M10 (spana 17) mbele chini ya tenki la petroli, na zile za nyuma karibu na shokapu na chini ya kiti cha nyuma. Zimwagie mafuta ya kulegeza siku mbili kabla. Itakayokatika iache ikatike, kizingiti unakitupa hata hivyo. Toa muungano wa usukani, mpira wa mafuta ya breki, mpira wa petroli, kebo ya spidomita, nyaya za stata na dainamo, mabomba ya hita. Watu sita wanainua bila shida.

4. Chesi iweke kwenye stendi nne na uilinganishe. Pimamaji fupi haitoshi. Chukua mpira wa maji kama wa fundi mwashi, pima pembe nne. Chesi ikichomewa ikiwa imepinda, inabaki imepinda.

5. Badili sakafu, bawa moja baada ya jingine, kamwe si yote mawili kwa pamoja.

6. Kizingiti kipya kifunge KWANZA kwa bolti kwenye sakafu mpya. Kata kile cha zamani, shusha bodi juu ya kipya, jaribu mlango, sogeza, jaribu tena, ndipo uchome. Kisha upande wa pili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hapo namba 6. Mtu anachomea kizingiti hewani, bodi ikiwa juu ya magogo, akishusha matundu ya bolti yamepishana na sakafu nusu inchi.

#6 DadaGrenda (Morogoro)

Geji18 umemaliza, ila hujagusa moto, na Beetle ina mtego ambao wengi hawaujui: bomba la petroli linapita NDANI ya ule mgongo wa kati. Ukichomea sakafu kwenye ukingo wa mgongo unachomea sentimita chache kutoka kwenye petroli.

Kwa hiyo tenki linatoka na linawekwa mbali kabisa na eneo la kazi, si kusogezwa tu pembeni ya ukuta. Bomba litoe mipira mbele na nyuma, lipulizie kwa kompresa, lipitishie maji ya sabuni, lipulizie tena likauke, ncha ziache wazi. Viti vya zamani vimejazwa nywele za farasi na nyuzi za nazi, vinashika moto kwa cheche moja na vinaungua taratibu ndani bila kuonyesha, kwa hiyo vitoke. Betri itoke. Ndoo ya maji, mchanga na kizima moto cha unga viwe karibu, na ukimaliza kuchomea kaa nalo gari saa nzima kabla ya kwenda kula.

Lingine: namba ya chesi imegongwa juu ya mgongo wa kati, chini ya kiti cha nyuma. Usipitishe grenda pale hata kidogo. Ifunike kwa mkanda na kipande cha bati. Ikifutika, siku ya kubadili umiliki utaeleza mpaka ukauke koo.

Na betri ikirudi, irudi na kifuniko chake. Springi za kiti cha nyuma zinakaa juu yake. Mtu mzito akikalia, springi inagusa vichwa vya betri, na pale kuna nyuzi za nazi. Nadhani nimeeleweka.

#7 Pwani_Beetle

Asante dada, hilo la bomba la petroli sikulijua kabisa. Sasa swali la bati na mashine. Hii ya vijiti haifai? Na bati nichukue geji ngapi?

#8 Nyundo_na_Tindo

Sakafu na vizingiti chukua geji 18, yaani milimita 1.2. Viraka vya bodi ya juu, nguzo na kisima cha spea, geji 20. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ya geji 18 ina uzito wa kilo 28 hivi, na inatosha sakafu mbili, na mabaki yanakwenda kwenye vizingiti. Chukua bati jeusi. Mabati ya zinki yana moshi mbaya: ukivuta unapata homa na baridi usiku kama malaria, na weldi yenyewe inatoka na vitundu.

Sakafu ya bati bapa itakulia kama ngoma na itanesa ukiikanyaga. Ile ya kiwandani ina mikunjo iliyogandamizwa. Ipeleke kwa wenye mashine ya kukunjia, kwa Dar pale eneo la Gerezani, wakutie mikunjo angalau minne kila upande. Au tafuta sakafu iliyokwisha gandamizwa. Beetle ilitengenezwa Meksiko mpaka 2003, kwa hiyo vipuri vya bodi bado vinatengenezwa na vinaagizwa. Kabla ya kununua hakikisha inakuja na reli za kiti, kitako cha betri na bomba la jeki. Za bei poa hazina, na reli ya kiti ukiikosea kwa milimita 5 kiti hakitelezi. Pima reli za zamani kutoka mgongo wa kati na kutoka mbele, kabla hujakata chochote.

Mashine ya vijiti: kwa mkono uliozoea, kijiti cha milimita 2, ampia 40 hadi 50, unaweza kuchomea sakafu. Kwa mkono usiozoea unatengeneza chujio. Kwa bati hili azima au kodi MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya. Waya wa 0.6 na gesi ya CO2 au ya mchanganyiko wa agoni. Waya wa 0.8 unawezekana, ila unataka moto zaidi na bati linatoboka upesi. Ule waya usiotumia gesi unarusha cheche nyingi na una moto mkali. Ukilazimika, piga doti fupi na upumzike.

Namna ya kuchoma ndiyo kila kitu. USIVUTE mstari. Piga doti moja, ruka kama sentimita 4, piga nyingine, nenda mwisho wa pili wa kiraka, piga, rudi katikati. Gusa bati kwa kiganja karibu na doti: mkono ukikataa kukaa, subiri. Ukizunguka hivyo mara tano au sita doti zinakutana zenyewe na bati halijajikunja. Anayevuta mstari wa sentimita 10 kwa pumzi moja anapata bati lenye mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yanakula puti kilo nzima.

Uwazi kati ya kiraka na bati la zamani uwe milimita 1, unene wa jiwe jembamba la kukatia. Pakitoboka, shika nyuma kipande cha bomba la shaba la friji ulilolibamiza bapa kwa nyundo. Weldi haishiki shaba. Inajaza tundu, unaondoa shaba, umemaliza.

#9 Geji18

Naongezea kwenye kiungo cha sakafu na mgongo. Kiwandani walitumia spoti, yaani doti za weldi. Unazitoboa kwa biti ya milimita 8, bati la juu tu, lile la chini libaki zima. Kuziona, piga brashi ya waya, utaona vishimo vya duara vimepangwa mstari. Kwenye sakafu mpya toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kila baada ya sentimita 4, bana kwa klempu mpaka mabati yagusane kabisa, kisha jaza kila tundu kwa weldi ukianzia katikati ya tundu, kwenye bati la chini, na kuzungukia nje. Ukianzia ukingoni unapata kichwa kizuri juu ambacho chini hakijashika kitu. Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya taka, kisha vitenganishe kwa tindo. Weldi nzuri inang'oa nyama ya bati la chini na kuacha tundu. Ikibanduka safi, ongeza moto.

Kabla ya kubana, nyuso zinazolaliana zipake praima ya zinki inayovumilia weldi. Mabati mawili yaliyolaliana bila rangi katikati ni pango la maji.

Mwisho: kata hadi chuma kinachong'aa, kisha sentimita 2 au 3 zaidi. Kiraka kiwe na pembe za mviringo. Pembe kali inaanza ufa.

#10 Mpiga_Debe

Mnamtisha mwenzenu bure. Mbona magari kibao yamepigwa puti na fibaglasi na yanatembea miaka?

#11 DadaGrenda

Yanatembea mpaka yauzwe, kaka. Chukua sumaku ya spika, nenda nayo sokoni, ipitishe kwenye vizingiti vya hayo magari. Inapoanguka hapana chuma. Kwenye fenda haidhuru sana, fenda za Beetle zinafunguliwa kwa bolti na hazibebi mzigo. Kwenye kizingiti unacheza na mahali panaposhika mkanda na mlango.

#12 Chumvi_Bahari (Unguja)

Assalaam aleikum. Naona wote mnaongelea kukata na kuchoma, chumvi hamjaitaja, na gari lipo Tanga.

Kutu ya pwani ina chumvi ndani ya vishimo vyake. Ukiipiga brashi ikang'aa na kuipaka praima palepale, chumvi inabaki chini ya rangi, inavuta unyevu, na baada ya masika moja utaona malengelenge. Kabla ya dawa yoyote, bati lisuguliwe kwa maji matamu ya moto na sabuni, lisuuzwe, likauke, lipigwe brashi, lioshwe tena. Mara tatu si nyingi. Maji ya kisima cha karibu na ufuko usiyatumie, yaonje kwanza.

Baada ya hapo, penye vishimo ambavyo hukati kwa sababu bati bado nene, kama kichwa cha chesi chako, paka asidi ya fosforiki au dawa ya tanini inayogeuza kutu kuwa nyeusi. Asidi ifutwe na isuuzwe kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Watu wanaiacha ikauke ikiwa nyingi, inakuwa ute wa kunata, praima ya epoksi haishiki juu yake. Dawa hizi ni za kutu ya juujuu, na hazijazi tundu. Na zisipakwe mahali unapotaka kuchomea.

Bati tupu lisilale usiku. Huku kwetu unaliacha jeupe magharibi, alfajiri limepiga rangi ya chai. Panga kazi: asubuhi kusugua, adhuhuri likiwa kavu na moto wa jua, praima.

Vidude vidogo, yaani bolti, vishikio vya bampa, vikombe vya taa: ndoo ya plastiki, maji lita 10, vijiko viwili vikubwa vya soda ya kufulia. Magadi ya sokoni yanafanya kazi pia, ila huwa na chumvi ndani, kwa hiyo suuza sana. Chaja ya betri ya volti 12: waya wa hasi kwenye kitu chenye kutu, chanya kwenye nondo ya kutupa, visigusane. Usiku mmoja, nje, mbali na moto, maana inatoa haidrojeni. Nondo ya kutupa isiwe chuma kisichoshika kutu. Hicho kinatoa sumu ya kromu ndani ya maji. Wala usitie chumvi ya mezani. Springi na bolti za mkanda wa usalama usizitie humo, zinakuwa tete.

#13 Pwani_Beetle

Wa aleikum salaam sheikh. Hapo kwenye chumvi nimekupata. Sasa juu ya weldi inapakwa nini na kwa mpangilio gani? Fundi wangu anaweka praima ile nyekundu, puti, rangi.

#14 Rangi_Mbili (Arusha)

Hiyo ndiyo njia ya kupata malengelenge kwa haraka. Praima nyekundu ya kawaida ni laini. Hadena (dawa ya kugandisha) ya puti na tina ya rangi ya juu vinailegeza, puti linabanduka kama ganda la yai. Puti linakaa juu ya bati safi lililokwaruzwa na msasa wa 80, au juu ya praima ya epoksi ya kuchanganya. Kwa pwani chagua epoksi kwanza, puti baadaye, kisha epoksi tena juu ya puti. Puti linafyonza maji, kwa hiyo usilisugue na maji na usiliache wazi usiku.

Kipimo cha hadena ni asilimia 2 hivi kwa uzito. Puti la ukubwa wa yai, hadena ukubwa wa harage. Kwa joto la nyuzi 32 una dakika tatu au nne tu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Mtu akitaka likauke haraka anazidisha hadena, rangi inakuja kutoka madoa ya njano miezi miwili baadaye, na hakuna kupaka juu kunakoyaficha. Unene usizidi milimita 3. Ukihitaji zaidi ya hapo, rudi kwenye nyundo.

Msasa: 80 kuchonga, 120 na 180 kulainisha, ukifunga msasa kwenye kipande cha ubao, si kwa vidole. Baada ya praima ya kujaza, pulizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, kisha sugua na 400 kwa maji. Weusi ukibaki mahali, pana bonde.

Rangi ya juu ya 2K, ile ya kuchanganya na hadena, ina isosayaneti, kemikali mbaya kwa mapafu, kwenye hadena hiyo. Barakoa ya vumbi ni sawa na kuvaa khanga puani. Kama huna vifaa vya kupumua vya kweli, fanya wewe mpaka kwenye praima, kupuliza mpe mwenye chumba na vifaa. Haipunguzi kazi yako.

#15 Nyundo_na_Tindo

Kabla ya rangi ya chini, viungo vyote vya weldi juu na chini vipakwe silanti ya poliyurethani juu ya praima. Silikoni ya madirishani yenye harufu ya siki usiiguse. Siki hiyo ni asidi, inaanzisha kutu, na rangi haishiki juu yake.

Lami nene chini ya gari siipendi. Inaonekana imara lakini ikipasuka sehemu moja maji yanatembea chini yake bila wewe kujua. Epoksi mbili, rangi, na dawa ya chini ya mpira inayopakika rangi inatosha, na unaweza kuona tatizo likianza.

Ndani ya vizingiti na milango pulizia nta ya kwenye mapango ya bodi kwa mpira mrefu wenye ncha ya kunyunyiza, baada ya rangi, si kabla. Oili chafu ambayo watu wanamwaga humo ina asidi, inakula mipira ya milango na inachuruzika sakafuni wiki nzima. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibue kwa waya. Mafundi wengi wanavijaza puti wakidhani ni kutu!

#16 Geji18

Na maji yaliyoozesha hiyo sakafu yaliingilia wapi? Hilo halijajibiwa. Kabla ya zulia kurudi, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira dakika 10 kila sehemu: kioo cha mbele, kioo cha nyuma, boneti. Anzia chini kupanda juu. Ukianzia juu maji yanashuka na hutajua yameingilia wapi. Mpira wa kioo uliokakamaa unabadilishwa, haupakwi silanti. Kisima cha spea mara nyingi kinajaa kwa sababu ya mpira wa boneti.

#17 Pwani_Beetle

Orodha ya manunuzi niliyoandika, nirekebisheni: shiti moja geji 18, nusu shiti geji 20, bomba la mraba inchi 1 urefu mmoja wa mita 6, mawe membamba ya kukatia 25, waya wa MIG 0.6 kilo 5, epoksi lita 4, puti kilo 2, silanti ya PU (poliyurethani) mirija 4, nta lita 2, bolti mpya za M8 za pembeni zote.

#18 Geji18

Bomba ongeza jingine. Mishazari miwili, ya kulala miwili na wa kuvuka unafika karibu mita 6 na hujakosea hata kipande kimoja. Ongeza mawe ya majani ya msasa, 60 na 80, kumi kumi. Waya kilo 5 utabaki mwingi, chukua kilo 1 kwanza, maana waya ukikaa kwenye unyevu wa Tanga unapata kutu na kukwama mashineni. Na hujaandika mpira wa kukaa kati ya bodi na sakafu. Huo una umbo lake. Ukiukosa, tumia ukanda wa mpira mgumu usiofyonza maji, si sponji.

#19 DadaGrenda

Bolti ziwe na washa pana, uzi upakwe grisi, na zisikazwe zote kwa mara moja. Zipeleke mpaka ziguse, anzia katikati kwenda mwisho, kulia na kushoto kwa zamu, kisha kaza. Milango ijaribiwe kabla hujakata mabomba ya kushikia mifupa. Ukishayakata na mlango ukagoma, unaanza upya.

#20 Pwani_Beetle

Nimeelewa. Tenki nimelitoa leo, liko nyumba ya pili. Bolti nimezimwagia mafuta. Picha za kulinganisha uwazi wa milango nitaweka hapa kabla ya kuchoma bomba la kwanza, mnikague.

#21 Geji18

Weka na vipimo vya mshazari, si picha tu. Picha inadanganya.